Kujitolea bure maabara: tunajifunza au tunaonewa?

Kijana wa Wete: Asalaam alaykum. Nna digrii ya kemia, mwaka wa pili huu najitolea maabara moja hapa Unguja, posho hapana, nauli ya daladala ananipa bi mkubwa. Juzi nafasi imetoka palepale nikaomba, naambiwa wanataka uzoefu wa miaka mitatu na huu wa kujitolea hauhesabiki kwa kuwa sina barua ya ajira. Niendelee? Na kwa nini kufanyisha watu kazi bure kusipigwe marufuku?

Mzee wa Mchangani: Mwanangu vumilia. Sie tulianza kwa kuosha chupa. Nyie munataka koti jeupe siku ya kwanza. Kama kunakushinda nenda kalime mwani na kina mama.

Binti Jambiani: Shikamoo mzee, lakini hapo umenichoma. Kulima mwani ndo adhabu? Mimi baiolojia nimesomeshwa kwa mwani huo. Mama anashuka pwani siku za bamvu maji yakitoka, anainama kutwa anafunga kitawi kimoja kimoja kwenye kamba kwa taitai, vile viuzi vya kufungia, vidole vimechanika chumvi inaingia, usiku hata tonge inamshinda kushika.

Mzee wa Mchangani: Sikumtukana mtu, nimesema kazi ipo.

Wa Chake: Kazi ipi mzee wangu? Kotonii, ule mwani wenye bei, maji yakipata joto unakufa, wamebaki na spinosamu, mwani wa bei ya kutupa. Na mwani wa biashara tunalima tokea 89 hivi, Paje huko, mpaka leo mwingi twaukausha tu unapakiwa, karajini, ule ute wa mwani wa kutilia dawa ya meno na aiskrimu, unakamuliwa huko nchi za nje. Ile si kemia ile?

Binti Jambiani: Ndo hapo! Mwani unapauka unakatika mkononi, mama hana wa kumuuliza mpaka mradi wa wafadhili upite, na sie wa sayansi tumejaa mitaani na bahasha za kaki.

Mzee wa Mchangani: Basi binti yangu, neno lile nisamehe. Ila maabara isiyo na fungu itamlipa na nini?

Wa Chake: Dawa za kupimia zinapatikana, AC inawaka, fungu linakosekana kwa mtu tu?

Kijana wa Wete: Jamani, kesho niende nisiende?

Binti Jambiani: Nenda kaka angu, ukawadai barua yenye muhuri, umeanza lini, vipimo gani umefanya. Wakikataa vua koti lao papo hapo. Na bamvu lijalo uje Jambiani na kipimajoto, mama anataka kujua maji yake yamefika ngapi.