FIFA wanatuchezea: ukomo wa miaka 12 umegeuka 15, wajumbe wanapiga makofi tu

Wakuu salaam. Vijiwe vya hapa Kigoma, Mwanga hadi Ujiji, bado kuna watu wanabisha kwamba FIFA ilisafishwa 2015. Haikusafishwa. Walikamatwa vigogo wa soka Zurich kwa tuhuma za rushwa, basi.

Februari 2016 Mkutano Mkuu wa FIFA ulipitisha mageuzi, na siku hiyohiyo ukamchagua Gianni Infantino kuwa rais. Rais akawekewa mihula 3 ya miaka 4. 2016 jumlisha 12 ni 2028, mtoto wa darasa la pili anajua. Desemba 2022 Baraza la FIFA, chombo cha maamuzi kati ya mikutano mikuu, likaamua kwamba ile miaka 3 ya mwanzo haihesabiki kwa kuwa haukuwa muhula kamili. Sasa ana nafasi ya kukaa hadi 2031!

Nani alitakiwa kumzuia? Uozo uko hapo. Machi 2017 kamati ya utawala chini ya Miguel Maduro ilimkatalia Vitaly Mutko kugombea tena ujumbe wa Baraza, kwa sababu alikuwa naibu waziri mkuu wa Urusi na kanuni zinadai kutofungamana na siasa. Miezi miwili baadaye, kwenye mkutano wa Bahrain, Maduro akang'olewa. Borbély na Eckert, wakuu wa kamati ya maadili, nao wakaachwa, wakiwa na mamia ya kesi mezani. Majina ya kamati hizi yanapendekezwa na Baraza, na mwenyekiti wa Baraza ni rais mwenyewe. Kesi ya nyani kapewa ngedere.

Halafu fedha. Wanachama ni 211, kila mmoja kura moja, awe Brazil au kisiwa kidogo. Kwa 2023–2026 kila shirikisho linaweza kupata hadi dola milioni 8: 5 za uendeshaji, 3 za miradi. Fedha hizo zinajenga viwanja, sizipingi. Lakini shirikisho linaloishi kwa mgawo huo litathubutu kumdhamini mpinzani? Mgombea anahitaji barua za mashirikisho 5, na barua zinapokelewa na sekretarieti ileile inayosimamia mafungu. Ndiyo maana Machi 2023 pale Kigali, jirani zetu kabisa, Infantino alisimama peke yake na kupitishwa kwa makofi. Desemba 2024 Saudi Arabia ikapewa Kombe la Dunia 2034 vivyo hivyo, wajumbe wakipiga makofi mbele ya kamera za kompyuta zao. Makofi hayahesabiki, huwezi kujua wangapi walikataa.

Tunataka kura ya siri ya ndiyo au hapana hata mgombea akiwa mmoja. Mkuu wa kamati ya maadili asiguswe katikati ya kesi, labda athibitike kukosa. Na kila shirikisho, letu likiwemo, libandike hadharani mgawo wa fedha za FIFA mkoa kwa mkoa: Kigoma mipira mingapi, Tabora kozi ngapi za waamuzi, lini, shilingi ngapi.