Shuleni ametulia, nyumbani anajipiga kichwa: familia tuishirikishe vipi?

mwl_kitengo
Habari za leo wadau. Nipo kitengo cha elimu maalumu, shule ya msingi. Tuna mwanafunzi wa miaka 9, ana usonji, haongei. Darasani kujipiga kichwa kumepungua sana tangu tuanze kadi za picha anazogusa kuomba anachotaka. Nyumbani hali ni ileile: akitaka simu au soda anagonga kichwa ukutani mpaka apewe. Mama anatoka alfajiri kwenda sokoni, mtoto anashinda na bibi, dada wa kazi, na kaka yake wa miaka 13. Tuliwaandikia mpango wa kurasa nne, mama akasaini. Hii ni wiki ya tatu na hakuna kilichoguswa. Bibi anasema, "Ajiumize nikimwangalia? Siwezi." Wenzangu wanasema familia haina ushirikiano. Tuanzie wapi?

tabibu_kazi
Mwalimu, hiyo familia isilaumiwe bado. Aliyesaini ni mama, na saa ya fujo mama hayupo. Bibi, ambaye ndiye anayebeba mzigo, kapewa kurasa nne asizoshirikishwa kuziandika.

Nenda nyumbani saa ambayo jambo lenyewe hutokea, na usibebe mpango wowote mkononi. Muulize bibi: huanza saa ngapi? Utajuaje kwamba sasa anaelekea ukutani? Akifika pale, wewe unafanya nini? Siku akiwa ametulia, huwa kuna nini? Hilo la mwisho watu hulisahau, na mara nyingi nusu ya mpango iko humo.

Kisha rekodi. Daftari la kawaida, kila ukurasa ugawanywe safu tatu: kabla, tendo, baada. Tabia moja tu, siku 5 hadi 7. Mstari mzuri unasomeka hivi: "Saa 11 jioni. Kaka kachukua simu. Kagonga kichwa mara nne. Kapewa simu." Mistari sita ya namna hiyo inakuonyesha anagonga ili alipwe nini. Mstari mbaya ni "leo amesumbua sana" au "ana hasira", huo haukusaidii kitu. Kama bibi hasomi, arekodi sauti kwenye WhatsApp au kaka aandike akielekezwa. Kuhamisha punje ya haragwe kutoka mkebe mmoja kwenda mwingine kila anapogonga kunafaa kuhesabu mara ngapi, lakini hakukwambii kwa nini.

Ukishajua, chagua saa moja ya siku na kitu kimoja. Hapa naona ni simu. Tengeneza kadi moja yenye picha ya simu ileile ya nyumbani, ukubwa wa kiganja cha mtoto, ibandike kwenye kipande cha boksi na uifunike kwa selotepu pana. Itundikwe kimo cha mkono wake, karibu na simu inapokaa. Kadi inayokaa ndani ya begi la shule haifanyi kazi.

Akigusa kadi, apewe simu ndani ya sekunde 5, kila mara, wiki nzima ya kwanza, hata akiomba mara ishirini. Familia nyingi hukwama hapa, wanaona wanamdekeza. Waeleze hivi: ukuta unamlipa haraka, kwa hiyo kadi lazima imlipe haraka zaidi. Akishaizoea ndipo unaongeza subira kidogokidogo: sekunde 5, kumi, thelathini, dakika moja. Ukiruka kutoka sifuri hadi dakika tano, atarudi ukutani.

Jambo moja huharibu kila kitu: kama simu ni ya mama na iko sokoni, au haina chaji, kadi ile iondolewe ukutani. Kadi isiyoleta kitu inamfundisha kwamba kadi ni uongo. Weka ya kitu kilichopo.

mkubwa_wa_mtaa
Dawa ni kumpuuza tu. Akiona hapati kitu atachoka mwenyewe.

nesi_kliniki
Mkuu, hapana. Kupuuza kunafaa pale mtoto anapotafuta macho ya watu, na tabia yenyewe haina hatari. Huyu anagonga kichwa, haachwi. Weka mto au kiganja chako kati ya kichwa na ukuta, usiongee sana, usimpe simu wakati kilele kimepanda. Akitua hata sekunde chache, mshike mkono umpeleke kwenye kadi, ndipo apewe. Ukiona ameunganisha viwili hivi, yaani anagonga kwanza halafu anakwenda kwenye kadi, basi mnamwelekeza mkiwa mmechelewa. Mwelekezeni pale anapoanza kuutazama ukuta.

Na kama angekuwa anagonga ili asiogeshwe, ukimpuuza umempa alichotaka: bafu limeahirishwa. Ndiyo maana rekodi hutangulia.

Bibi aambiwe mapema kwamba ukuta ukiacha kulipa, kugonga kunaweza kuongezeka siku za mwanzo kabla hakujashuka. Asiyejua hilo atakubali yaishe siku ya tatu, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba inabidi agonge zaidi. Kama nyumba haiko tayari kuvumilia hizo siku na kumlinda kichwa, basi wasianze kumnyima. Wafundishe kadi kwanza.

Kabla ya yote hayo, mwili. Mtoto asiyeongea hasemi jino linauma. Masikio, meno, choo kigumu, minyoo, usingizi mbovu. Kwa wasichana waliovunja ungo, siku zao. Kugonga kulikoanza ghafla, au kunakotokea hata akiwa na kila anachotaka, kuanzie hospitali. Akiwa na kifafa na anatumia phenobarbital, mwambieni daktari: dawa hiyo huweza kuwafanya baadhi ya watoto wasitulie na wawe wakali. Msimwachishe wenyewe. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege zisizokoma.

mwl_kitengo
Asanteni. Mawili yamebaki. Bibi namfundishaje bila kumwonyesha kama hajui kulea? Na upande wa baba wanasema mtoto karogwa, wanataka apelekwe kwa mganga.

afisa_ustawi
Shikamoo ya kwanza kwa bibi, mpango baadaye. Muombe yeye akuonyeshe anavyomtuliza, halafu uongeze kimoja tu juu ya anachofanya tayari. Hatua ni nne. Mweleze kwa sentensi mbili. Fanya wewe na mtoto, yeye akiangalia. Afanye yeye, wewe ukiwa kando. Mwambie papo hapo kilichokwenda vizuri, kisha kimoja cha kurekebisha. Wengi tunaishia hatua ya kwanza kisha tunashangaa. Dada wa kazi apitie hatua hizohizo. Akibadilishwa, mpya aanze mwanzo. Kurasa nne ziwe nusu ukurasa: ishara za mwanzo, tunafanya nini, hatufanyi nini, tumpigie nani.

Kaka wa miaka 13 asigeuzwe mlinzi. Mpe kazi moja yenye mwisho, labda kucheza na mdogo wake dakika kumi kwa kadi. Akichoka, watu wazima washike.

Kuhusu mganga, ukibishana na imani ya ukoo utapoteza nyumba yote. Waambie waombe na wafanye dua zao, kadi iendelee. Lakini mpaka usiovukwa ni huu: kufunga kamba, kumchapa, kumfukiza moshi, kumnyima chakula au dawa, hapana. Hilo lisemwe wazi mbele ya baba, mama na bibi, na likitokea, afisa ustawi wa jamii wa kata ahusishwe. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Na mtoto mwenyewe asisahaulike kwenye hicho kikao. Haongei, ila mnaweza kumwekea vitu viwili achague. Akiwa mtu mzima ndiyo zaidi: hakuna kupanga tabia yake nyuma ya mgongo wake kwa sababu tu ndugu wamekubali.

tabibu_kazi
Naongezea kwa afisa: kikao kisiwe jioni ya magharibi, wala siku ya gulio kama mama ni wa sokoni. Mkutane tena baada ya wiki mbili mkiwa na daftari mezani. Kama hesabu haijashuka, angalieni kwanza kadi ilitumika mara ngapi na nani aliitumia. Mara nyingi utakuta ni mtu mmoja tu, na wengine bado wanampa simu akigonga ukuta. Suala la soda msilianze mpaka la simu litulie.