Mjadala: Matamasha ya Goma yapige marufuku plebaki?

Mwenye mada, Majengo

Ndugu zangu, naleta hoja yangu waziwazi. Tamasha lolote la muziki hapa Goma lisipokee plebaki, ile ya kufungua mdomo tu huku sauti ikitoka kwenye flashi.

Tamasha la Amani la hapa kwetu lilipangwa kuanza Agosti 2013, vita vikalisogeza hadi Februari 2014. Mji ulikuwa bado unakumbuka Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia. Kiingilio kikawa dola 1 kwa siku, muuza makaa na daktari wakasimama kwenye vumbi moja mbele ya jukwaa. Ile dola 1 ilikuwa sura yetu, na sura hiyo tuilinde. Ila bei nafuu haitoshi, kama kinachopanda jukwaani kingeweza kupandishwa mji wowote.

Nafundisha kikundi cha ngoma, vijana kumi na wanne, uani kwangu, juu ya mawe ya volkano yanayokula soli za viatu. Kabla ya zoezi tunawasha maganda ya mahindi na kuinamisha ngoma juu ya joto, mpaka ngozi ikaze na mlio upande. Ukiiacha kidogo zaidi, ngozi inapasuka. Kwa tamasha moja, ambalo silitaji, tulifanya zoezi miezi mitatu. Tuliahidiwa dakika nane. Siku yenyewe zikawa tatu, maana nyota alikuwa amefika na hakutaka kungoja. Akapanda, flashi ikachomekwa, na katikati ya ubeti rekodi ikakwama. Vijana wangu wakaniangalia. Sikuwa na la kuwaambia.

Tazameni Zanzibar. Sauti za Busara ilianza 2004 na sharti lake ni muziki upigwe papo hapo, mbele ya watu. Mwaka 2016 fedha zilikosekana, tamasha halikufanyika. Mwaka 2017 likarudi na sharti lake. Anayekata tiketi anajua anakwenda kukuta nini.

Mtengeneza biti, Katindo

Papa, pole kwa yale ya vijana wako. Kuwakata dakika ni kuwadharau, sitetei hilo. Lakini sharti lako litanifungia mimi nje, si yule nyota. Yeye ana pesa ya kukodi wapiga gitaa na ngoma, atakuja nao. Mimi nina kompyuta moja, ninayoitumia na wenzangu watatu kwa zamu, na tunarekodi usiku pikipiki zikinyamaza. Tunaimba Kiswahili cha Goma hiki hiki, cha mtaa wa Birere, kile ambacho Mzanzibari akikisikia anauliza mara mbili. Kama huo si utambulisho wa mji, basi ni nini?

Na gitaa je? Halikuzaliwa Katanga, kusini mwa Kongo yetu. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa huko, alilichukua, mwaka 1952 akarekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, kwa vidole viwili tu, na leo hakuna anayeliita gitaa lake la kigeni. Tuachieni kompyuta tuifanye hivyo hivyo.

Fundi wa sauti, Himbi

Mimi nitasema la kazi yangu. Kundi la ngoma na gitaa linataka maikrofoni kumi au zaidi, na kila moja ipimwe. Ukipanga makundi kumi kwa siku bila plebaki, saa nzima nzima zitapotelea kwenye nyaya, na watu wanataka kufika nyumbani kabla ya giza. Atakayekatwa dakika ni nani? Wale wale vijana wa ngoma. Sharti bila ratiba ndefu litamwumiza unayemtetea.

Mwenye mada, Majengo

Binti yangu, umenishika kwenye gitaa, nakubali. Narekebisha hoja: biti itoke kwenye kompyuta, sawa, lakini mdomo uimbe kweli. Sauti iliyorekodiwa isipandishwe jukwaani, hata kwa nyota, na iandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza. Fundi, kwako najibu hivi: makundi kumi kwa siku ni mengi. Yawe sita. Waandaaji wanajaza orodha ya majina ili bango lipendeze, halafu wanaanza kukata dakika za wenyeji. Hapo ndipo tamasha linapoanza kufanana na mengine yote, nami sitarudi nyuma kwa hilo.

Mtengeneza biti, Katindo

Kuimba kweli sikatai, Papa. Makundi sita nakubali, ikiwa manne kati ya hayo ni ya hapa.

Mwenye mada, Majengo

Manne ya hapa. Jumamosi saa tatu asubuhi tunawasha maganda uani kwangu. Njoo na kompyuta yako, tuone ngoma na biti vitakaaje pamoja. Na fundi aje atuhesabie maikrofoni.

Wengine mnasemaje, hasa mliowahi kuandaa?