Kipima mitetemo: nikiweke Ng'ambo, Makunduchi au Konde?

mzaliwa_ngambo: Wadau nimepata kipima mitetemo ya ardhi, kidogo cha kuchomeka kwenye intaneti, nataka siku likija tetemeko kama lile la tarehe 12 Agosti 2020 nilinase. Nikiweke hapa kwetu Ng'ambo mjini Unguja ghorofa ya pili, kwa ami Makunduchi kusini ya Unguja, au kwa shangazi Konde kule Pemba? Hapa nimejaribu wiki nzima, daladala zikianza tu asubuhi mstari wa grafu unanenepa mpaka usiku, Ijumaa mchana unakonda kidogo. Jana saa tano vikaja vishindo vimepangana kama meno ya kitana nikasema leo ndo leo, kumbe mama anatwanga kisamvu 😂

geo_wete: Kwanza kitoe ghorofani yakhe, huko unapima nyumba inavoyumba si ardhi. Magari, mashine na miguu ya watu inatikisa zaidi kati ya mara 1 na 20 kwa sekunde, na matetemeko madogo ya karibu yanapita humo humo ndo maana yanafunikwa. Makunduchi kuna maweni, ukikikaza juu ya jiwe unapata mstari msafi. Ila bahari nayo ina mtikisiko wake wa polepole, wimbi moja sekunde 5 mpaka 10 hivi, huo kisiwani hukimbii popote.

bibi_karafuu: Mie niko Konde. Magari machache kweli lakini shambani kwetu udongo laini, unakuza mtetemo. Na usikitie karibu na mnazi, upepo ukivuma mti unayumba na mizizi inatikisa chini.

mkaidi_wa_mji: Mie nasema kibaki mjini, kishushe chini tu. Hizo fujo nazo ni habari, 2020 watu walipofungiwa ndani kwa korona mtaalamu wa mitetemo Thomas Lecocq wa Ubelgiji na wenzake walipima kelele hizo hizo wakakuta zimeshuka mpaka nusu. Ramadhani ikija si utaona daku kwenye grafu?

geo_wete: Ataona daku, tetemeko hatoliona.

mzaliwa_ngambo: Daku imenivutia wallahi 😅 lakini nataka tetemeko, nakwenda Makunduchi. Tatizo ami ana pampu ya kisima nyuma ya kile chumba.

geo_wete: Hatua ngapi?

mzaliwa_ngambo: Saba.

geo_wete: Mwambie ami akupe banda la mbuzi, mbuzi uwahamishe.