Tupeane uzoefu: Wenye mafua ya aleji, mnaitembeaje Iringa?

Binti wa Makambako
Kamweneee! Septemba iliyopita nilimpeleka shangazi yangu wa Dar kuona fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, pale Kalenga. Tulipanda bajaji, upepo unatupiga usoni na vumbi lake. Tunafika nimeshapiga chafya hadi mbavu zinauma, macho mekundu, pua bomba limefunguliwa. Ndani ya makumbusho mwongozaji akaanza kueleza jinsi fuvu lilivyorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Akaniona machozi yanachuruzika. Akanyamaza, akashusha sauti: "Pole sana dada, wengi huwa linawagusa." Ningesema nini? Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Shangazi akatoka nje kucheka.

Sasa anataka turudi, safari hii aone na Isimila, kule kwenye nguzo za udongo. Wenye pua kama yangu mnafanyaje?

Kijana wa Soweto Mbeya
Hiyo baridi tu dada. Vaa sweta.

Binti wa Makambako
Kaka, baridi nimezaliwa nayo Makambako. Baridi haiwashi macho na kaakaa.

Nesi Mstaafu
Mwanangu wa sweta, msikilize mwenzio. Mafua ya kuambukizana mara nyingi huja na mwili kuuma, pengine na homa, na baada ya wiki moja hivi yanaisha. Haya ya aleji ni chafya za mfululizo, makamasi mepesi kama maji, macho na pua kuwasha, na yanakaa muda wote ulipo karibu na kinachokuchokoza. Homa hayana.

Binti, kwanza ujue adui yako. Septemba huku ni kiangazi, nyasi zimekauka, kwa hiyo nadhani kilichokupata ni vumbi. Mwenye aleji ya chavua hasa huteseka mvua zikishanyesha, nyasi zikichanua na mahindi yakitoa mbelewele. Watu hulaumu maua mazuri ya bustanini bure. Chavua yake ni nzito, inanata, inabebwa na nyuki. Inayoruka kwa upepo ni ya nyasi, mahindi, misonobari.

Dawa: cetirizine au loratadine, meza kabla ya kutoka, usisubiri chafya ya kumi. Piriton inasaidia lakini utalala kwenye benchi la makumbusho. Kama una pumu, au kifua kinabana na kupiga filimbi, hilo si la kuulizana hapa, nenda kwa daktari.

Mwalimu wa Historia
Mimi huwaza jambo moja. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894, mwenyewe akaishi msituni akiwakimbia hadi alipokufa Julai 1898. Angekuwa na pua zetu hizi, Wajerumani wangemdaka wiki ya kwanza.

Mnyalukolo Asili
😂😂 Mwalimu, wazee wasikusikie.

Dereva wa Noah
Nabeba wageni, na mimi mwenyewe ni mgonjwa wa hii kitu. Achana na bajaji. Chukua gari yenye vioo vinavyofunga, kaa mbele, na mkikuta lori mbele yenu mwambie dereva aachie nafasi, asilikimbilie kulipita ndani ya wingu la vumbi. Isimila ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini, barabara ya Mbeya, ni lami, kwa hiyo njiani hamna shida. Shida ni ukishashuka korongoni kwenye zile nguzo za udongo. Udongo wenyewe ndio umesimama pale, ukivuma upepo unajua uko wapi. Nenda saa mbili asubuhi. Wageni wangu wa saa tisa alasiri wote hurudi wamefunga khanga usoni.

Mama Parachichi
Mimi miwani ya jua na mafuta ya mgando. Unapaka kidogo kuzunguka matundu ya pua, vumbi linanasa hapo. Mume wangu ananicheka lakini akianza chafya huja kuomba kikopo. Na ukirudi gesti oga, osha nywele, nguo za safari usizitupie kitandani. Mimi niliwahi kulalia mtandio wangu wa Kalenga, sikufumba jicho.

Mfanyabiashara wa Mafinga
Nilinunua dawa ya kudondoshea ya kuzibua pua, ikanisaidia ajabu siku ya kwanza. Nikaendelea nayo wiki tatu. Nikiiacha tu, pua inaziba kuliko mwanzo! Mwenye duka la dawa aliniuzia chupa ya pili bila kuniuliza neno.

Nesi Mstaafu
Hiyo hutumiwa siku chache tu baba, tano hivi, ukizidisha ndiyo yenyewe inaziba pua. Ya kupuliza yenye steroidi ni nyingine, hiyo inatumika kila siku na huchukua siku kadhaa kushika, kwa hiyo anza mapema kabla ya safari. Muulize mfamasia. Na kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni vizuri, ila maji yachemshwe kwanza yapoe.

Binti wa Makambako
Asanteni, nimeandika yote. Tatizo shangazi kashapata likizo mwezi wa tatu, na kasikia habari za jiwe la Gangilonga, anataka kulipanda. Wa mjini, mwezi wa tatu nyasi za pale zinakuwaje?

Mnyalukolo Asili
Kiunoni dada.

Binti wa Makambako
Basi atapanda yeye. Mimi nitamsubiri kwenye Noah, vioo juu.