Nikate wapi arbeidsongeschiktheidsverzekering?

mgeni_utrecht: Wakuu, najiandaa na mtihani wa kuzungumza Kiholanzi wa inburgering, ule wa wahamiaji wa Uholanzi. Maneno mafupi hayanisumbui, lakini hili la bima ya kutoweza kufanya kazi linanimaliza pumzi. Nikifuata silabi kwa mtindo wetu natamka "bei-dso-nge" na hakuna anayenielewa. Kuna kanuni, au ni kukariri tu?

shangazi_wa_polder: Silabi ziache kwanza, mwanangu, tafuta maneno. Hapo yamo matatu: arbeid, ongeschiktheid, verzekering. Zile s mbili ni gundi, na gundi hubaki upande wa kushoto. Kata hapo, ndipo uingie ndani: ar-beids, on-ge-schikt-heids, ver-ze-ke-ring.

Usidhani ni mambo ya maandishi tu. Chukua avond, jioni: d ya mwisho hutamkwa t. Kwenye wingi, avonden, d inahamia silabi inayofuata (a-von-den) na unaisikia d kabisa. Sasa avondeten, chakula cha jioni: ni avond na eten, kwa hiyo inabaki t, japo irabu imeikaribia vilevile. Mpaka wa maneno ndio unaoamua.

Halafu mkazo. Sisi tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, ndiyo maana utasikia wenzetu wakisema "zie-KEN-huis". Hospitali ni ZIE-kenhuis. Kwa kawaida neno la kwanza ndilo hubeba mkazo mkuu, kwa hiyo na lako lianze na AR.

Ila ukweli, ofisini watu husema kifupi chake tu, AOV.

kijana_wa_gent: Na massagebed je? Silabi ni mas-sa-ge-bed ukate utakavyo.

shangazi_wa_polder: Silabi ni zilezile, sauti sizo. Massage-bed ni kitanda cha kukandia: mkazo uko kwenye SA, na g yake ni ile laini ya Kifaransa. Ukisoma massa-gebed imekuwa sala ya umati: mkazo MAS, na g inakwaruza kooni, karibu na gh ya "ghali". Hapo muktadha tu ndio utakuokoa.

mgeni_utrecht: Asante shangazi. Na angstschreeuw? Konsonanti nane mfululizo!

shangazi_wa_polder: Angst, schreeuw. Hofu, ukelele. Pumzika kidogo katikati, hakuna atakayekucheka. Ila usichomeke irabu ukasema "angisiti", maana hapo umeongeza silabi tatu ambazo Mholanzi atahangaika kuzitafutia neno. Hiyo sch ni s ikifuatwa na kh ya "kheri", si sh.