Wenye golden retriever Mtwara na Lindi: mbwa wenu wanajikuna? Tupeane uzoefu wa aleji

Wakuu, salaam. Wangu ni dume, anaitwa Asali, aliniachia jamaa wa kampuni ya gesi alipohamishwa. Tangu apite mwaka mmoja analamba miguu usiku kucha, manyoya ya katikati ya vidole yamegeuka rangi ya kutu. Tumbo jekundu, kwapani pamekuwa peusi na ngozi imekuwa nene. Sikio la kulia likipona, la kushoto linaanza. Daktari wa mifugo kasema ni mzio, golden wanaurithi sana, na mara nyingi dalili huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Sawa, nimeelewa. Wenzangu mmefanyaje? Za kugugo ninazo, nataka za mtu aliyeamshwa saa nane usiku na mbwa anayejikuna.

Bahari ya Shangani: Mkuu, anza na viroboto kabla hujaenda mbali. Wangu alijitafuna kiunoni karibu na mkia mpaka manyoya yakaisha, nami nabisha kwamba mbona sioni kiroboto hata mmoja. Daktari akampitisha kitana, vikadondoka vichembe vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Akaviweka kwenye karatasi nyeupe iliyolowa, vikaanza kutoa wekundu. Kinyesi cha kiroboto hicho, ni damu. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto akiumwa mara chache tu anawashwa mwili mzima. Sasa natibu wanyama wote wa nyumbani kwa mpigo, na matandiko yanafuliwa kwa maji ya moto. Angalizo: dawa ya mbwa yenye permethrini usimpake paka, inaua.

Korosho Ghafi: Huku Masasi kazi ipo msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Mashine zikianza kunguruma alfajiri, lile vumbi la njano linatua kwenye majani, kwenye nyasi na kwa mbwa. Macho yanamtoka machozi, tumbo linawaka. Bwana mifugo wetu anasema salfa inachubua ngozi ya yeyote, si lazima uwe na mzio, na sisi wapuliziaji wenyewe tunayajua machozi yake. Ila ngozi ya mbwa mwenye mzio tayari ni dhaifu, ukiiongezea salfa unamaliza kabisa. Siku hizo anabaki ndani. Akitoka, akirudi namfuta miguu na tumbo kwa kitambaa kibichi, kisha nakausha katikati ya vidole. Maganda ya korosho wanayotupa wabanguaji nayo simruhusu kuyalalia. Mafuta yale yanababua mikono ya kina mama, sitaki yabaki kwenye manyoya halafu watoto wamkumbatie.

Mama Wawili Lindi: Wa kwangu shida ilikuwa chakula. Kakua kwa ugali na utumbo wa ng'ombe. Watu wanadhani mbwa anadhuriwa na chakula kigeni, kumbe mara nyingi ni kilekile anachokula siku zote: nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku, ngano. Tukaambiwa tuchague kitu ambacho hajawahi kukionja. Tukachagua samaki na viazi vitamu (msinicheke, najua mbwa wa Lindi asiyejua samaki ni kituko, huyu alilelewa Dodoma). Wiki 8 hivyohivyo, hakuna kingine. Hapo ndipo penye kazi, maana watoto wanadondosha, majirani wana huruma, na babu yao anamtupia kipande cha chapati. Nikamwambia, "Baba, kipande kimoja tu tunaanza upya." Akanijibu huyu mbwa ana masharti kuliko mgonjwa wa sukari.

Alipotulia tukamrudishia utumbo kidogo. Siku chache tu masikio mekundu tena! Msiruke hatua hiyo ya kurudisha, bila hiyo hujui kama ni chakula au msimu umebadilika. Na dawa za minyoo zenye ladha ya nyama zinaharibu jaribio. Sasa daktari katupangia mlo kamili, maana samaki na viazi peke yake si chakula cha maisha.

Mpwa wa Mikindani: Mimi niongelee sindano. Kuna mahali, sipataji, mbwa alikuwa anachomwa, kesho yake mzima kabisa, baada ya muda anarudia kujikuna yuleyule. Hakuna anayekwambia ni nini. Ni steroidi, dawa kali ya kutuliza mwasho na uvimbe. Inapoza kweli, lakini mbwa anakunywa maji mno, anakojoa ndani, ananenepa, na akizoeshwa inaleta magonjwa mengine. Ulizeni jina la dawa, liandikwe kwenye kadi yake.

Masikio: wangu anaogelea kila jioni, na sikio la golden limelala, unyevu hautoki, fangasi wanashangilia. Akitoka baharini namsuuza kwa maji ya bomba na kumkausha mpaka ndani ya sikio panapofikika kwa pamba, nisizidi hapo. Shampuu ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya ngozi) iacheni dakika 10 ndipo msuuze. Wengi wanapaka na kumwaga maji papo hapo.

Kijana wa Newala: Vipi oili chafu? Mzee wangu alikuwa anawapaka mbwa wote.

Bahari ya Shangani: Usithubutu, mdogo wangu. Mbwa anajilamba, inaingia tumboni. Mwambie daktari amkwangue ngozi aangalie kwa hadubini, huenda ni utitiri, na upele mwingine wa utitiri unahamia hata kwa mtu. Na vidonge vya aleji vya binadamu usimpe kwa kukisia, vilivyochanganywa na dawa ya kufungua pua ni hatari kwa mbwa.

Mtoa mada: Nimewapata. Jumamosi kitana na kukwangua ngozi, mambo ya viazi yasubiri majibu. Dada wa Lindi, mlitumia samaki gani?

Mama Wawili Lindi: Kibua, kaka. Wa kuchemsha bila chumvi, miiba yote mnatoa. Dagaa wa kukaanga achana nao, wana chumvi na hujui mafuta yake yalikaanga nini kabla.